Sista Dakika na Kisanduku cha Pumzi

Wifi yangu hakumwamini mtu yeyote aliyesema "ni mafua tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyomkera. Alikuwa muuguzi wa watoto kwenye zahanati ambako mimi nilikuwa karani wa mapokezi, na kwa miaka kumi na mmoja tulipishana kwenye ukumbi uleule mwembamba, yeye na saa yake ya mkononi, mimi na daftari langu. Mume wangu ni kaka yake. Kwa hiyo nilikuwa naye kazini siku za kazi na jikoni siku za mapumziko, na sidhani kama kuna mwanamke mwingine aliyepewa adhabu hiyo.

Siku ya kwanza nilipopelekwa kwao kutambulishwa kama mchumba, watu wengine walinipa mkono. Yeye alinishika kidevu, akanivuta kope la chini, akachungulia rangi ya ndani, kisha akanigeuza viganja na kuvisogeza dirishani penye mwanga. Akamwambia kaka yake, "Damu ipo." Wakwe wote wakacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nadhani alikuwa anatafuta sababu ya kunirudisha kwetu.

Watu walimwita Sista Dakika. Mtoto anayekohoa akiingia chumbani kwake, alimwambia mama amvue shati, ampakate, anyamaze. Kisha alikodolea macho tumbo la mtoto na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Si nusu dakika. Mtoto akilia katikati, alianza upya. Akiwa ananyonya, alisubiri amalize. Dakika hiyo hakuna aliyeruhusiwa kusema, kukohoa wala kupokea simu. Mara moja mkuu wa zahanati aliingia kuuliza funguo za stoo, wifi akamnyooshea kidole bila kugeuka, na mzee wa watu akasimama mlangoni kimya mpaka hesabu ilipoisha.

Maneno ya akina mama aliyachuja kama anatafuta mawe kwenye mchele. Mama akisema mtoto hali, aliuliza, "Hali, au hujampa?" Mama akisema anaharisha kidogo, aliuliza kidogo ni mara ngapi tangu asubuhi, na nepi ya mwisho iko wapi. Halafu alifinya ngozi ya tumbo aone inarudi upesi au inajikokota, akampa mtoto kikombe cha maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, akakaa amtazame anavyokunywa: anakunywa kwa pupa, anakunywa kawaida, au anageuza kichwa. Masikio aliyanusa. Hata kipimajoto hakukiamini. Alikiweka kwanza kwapani kwake mwenyewe. Mizani je? Kila asubuhi aliining'inizia mfuko wa mchanga alioupima yeye, na ole wake mizani ikatae.

Niliwahi kumwuliza nani alimroga. Tulikuwa tunaosha vyombo kwa mama mkwe. Akasema alipokuwa mwanafunzi aliambiwa ahesabu pumzi za mtoto mmoja, akahesabu robo dakika na kuzidisha mara nne ili awahi chakula cha mchana. Mwalimu wake akahesabu tena nyuma yake. Walipishana kwa pumzi kumi na mbili.

"Mtoto alipona?" nikauliza.

"Alipona. Lakini si kwa sababu yangu."

Akaendelea kusugua sufuria ambayo mimi nilikuwa nimeshaisugua.

Basi, chumba cha pili kilikuwa chake. Chumba cha kwanza kilikuwa cha tabibu, kijana mtanashati mwenye viatu vya kung'aa na maneno matamu. Foleni yake ilikwenda mbio. Aliangalia koo, akagusa paji la uso, akauliza maswali mawili, akaandika dawa, akasema "atapona huyu, mama, usijali." Akina mama walimpenda kufa. Wa kwa wifi walikaa benchini saa mbili wakitazama mlango wa jirani kwa wivu, na wakanilaumu mimi.

Sasa niseme kuhusu daftari, maana mambo yote yalianzia hapo. Kila mtoto alikuwa na mstari wake: umri, uzito, joto, pumzi kwa dakika, ugonjwa, dawa. Wifi alijaza visanduku vyote. Tabibu alijaza vyote isipokuwa cha pumzi. Wakaguzi walipokuja, walifunua kurasa mbele ya wafanyakazi wote na kutuonyesha visanduku vitupu kimoja baada ya kingine, na mkuu wetu akatahayari. Walipoondoka akaniita. "Daftari liko mikononi mwako. Sitaki kuona kisanduku kitupu tena." Hakuniambia nijaze uongo. Ila hakuniambia nimbane tabibu, na mimi karani nimbane tabibu kwa ubavu gani?

Usinisake, nasema mwenyewe: nilijaza mimi. Saa tisa alasiri wagonjwa wakiisha, nilikaa mapokezi na kushuka na safu ile kama mtu anayejaza maji kwenye chupa. Mtoto wa miaka mitatu, ishirini na nane. Wa miaka miwili, thelathini. Wa miezi sita au saba, thelathini na sita, thelathini na nane. Nilijua mipaka, nimekaa nje ya mlango wa wifi miaka yote hiyo: mtoto wa chini ya mwaka akifika hamsini, wa zaidi ya mwaka akifika arobaini, hayo si mafua tena, ni homa ya mapafu. Kwa hiyo nilihakikisha hakuna anayefika. Niliona nawafanyia watu wema. Watoto wenyewe si walikuwa wameshaonwa na tabibu?

Miezi mitano ilipita shwari. Mwezi wa sita wifi akaja mapokezi na miwani yake, akaomba daftari.

"La nini?"

"Nasoma."

Alisoma dakika ishirini, amesimama, kidole kinashuka na safu. Machale yakanicheza. Kisha akanigeuzia daftari.

"Hebu niambie, wifi. Wa kwangu leo wana arobaini na tatu, hamsini na moja, thelathini na tano. Wa chumba cha kwanza mwezi mzima hakuna namba witiri hata moja. Watoto wa kule wanahema kwa shufwa tu?"

Kumbe kichwa changu kikitunga namba kinapenda zile zinazogawanyika kwa mbili, na sikuwa najua. Nikasema labda ni bahati.

"Si bahati. Huyu kijana anahesabu nusu dakika, anazidisha mara mbili. Mimi huo mchezo naujua."

Ningeweza kusema pale pale. Nikatikisa kichwa, nikaguna, nikasema vijana wa siku hizi. Nikamwacha kijana wa watu abebe mzigo wangu, na nilirudi nyumbani nikala vizuri tu.

Kuanzia siku ile nikaanza kuweka namba witiri. Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi ni mwongo, kwa sababu mtu anayefanya wema harekebishi. Nikagundua pia kwamba tabibu aliandikia kalamu nyeusi na yangu ilikuwa ya bluu, basi nikanunua nyeusi. Niliificha kwenye kopo la chai. Wifi akipita ukumbini nilisikia nyayo zake kabla hajafika, na nilianza kumtazama kila alichofanya. Mbona leo amekunywa maji mara mbili hapa mapokezi? Mbona ana daftari dogo la shule mfukoni na akiniona analifunika? Mbona anamwuliza mfagiaji mimi naondoka saa ngapi? Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba dada yake ananiwinda. Akasema dada yake amewinda watu tangu ana miaka minne, nimzoee.

Wiki moja baadaye akaja na fomu mkononi. "Wifi, niazime kalamu."

Nikampa ya bluu.

Akaitazama. "Ile nyingine."

"Ipi?"

"Basi, hii inatosha." Akaandika, akanirudishia, akaenda zake. Nikabaki nimeshika kopo la chai kwa mikono miwili. Nilimchukia siku ile. Nasema ukweli, nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia, na hakuwa amenifanya chochote.

Jumatatu moja binti yangu akaja na mwanawe. Mjukuu wangu alikuwa na miezi saba, tulimwita Mashavu, na mashavu yenyewe yalianza kuonekana kabla yeye hajafika. Alikuwa na kikohozi siku ya pili, pua zinatiririka, mwili wa moto.

"Nikakae kwa shangazi?" binti yangu akauliza, akitazama benchi la chumba cha pili lililojaa mpaka ukutani.

"Shangazi yako atakuweka hapa mpaka mtoto aote meno," nikamwambia. Nikachukua kadi yake, nikaiweka juu ya zote za chumba cha kwanza. Ukarani una faida zake. Lakini haikuwa foleni peke yake. Sikutaka wifi awe na chochote cha nyumbani kwangu mikononi mwake wiki ile. Dakika nane baadaye binti yangu alikuwa ameshatoka, na chupa ya dawa ya homa, anatabasamu. Ni mafua, tabibu amesema. Wakapita mlango wa nyuma wakaenda zao.

Saa tisa nikatoa kalamu nyeusi. Watoto wa chumba cha kwanza siku hiyo walikuwa hamsini na wawili. Nikashuka nao, natazama umri tu, majina siyasomi. Nilipofika katikati nikahisi mtu. Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, mikono nyuma.

"Unaandika nini?"

"Ripoti."

Akasimama kidogo. Nikadhani atasogea. Hakusogea. Akageuka, nikasikia mlango wake unafungwa, na mimi nikamalizia ukurasa.

Kesho yake saa mbili asubuhi, foleni imejaa, binti yangu akapiga simu.

"Mama, anahema haraka haraka. Na ziwa analishika analiachia."

"Pua zimeziba, msafishe," nikasema. "Jana si alipimwa?"

"Sijui, mama. Alimwangalia koo."

"Ngoja." Nikafunua daftari, simu nimeibana begani, nikatafuta mstari wake, nikauwekea kidole. "Haya, hapa. Pumzi thelathini na sita. Ni za kawaida kabisa. Usinitie wasiwasi mwanangu, hayo ni mafua."

"Sawa, mama," akasema, na sauti yake ikatulia. Akakata simu.

Kidole changu kilikuwa bado kwenye mstari. Ile sita ilikuwa na mkia mrefu unaojikunja chini. Ilikuwa sita yangu. Nilijifunza kuiandika hivyo shule ya msingi na hakuna mwalimu aliyeweza kuniachisha. Nilikuwa nimemsomea binti yangu namba niliyoitunga mwenyewe jana alasiri, nikiwa nawaza basi la kurudi nyumbani, na jambo linalonitisha mpaka leo ni kwamba nilipoisoma niliiamini. Nikapiga simu tena, nikapiga kelele mpaka benchi zima likanitazama: mlete, mlete sasa hivi, chukua pikipiki.

Ilimchukua dakika arobaini. Nilimpokea getini, nikampokonya mtoto, nikapita nao foleni yote mpaka chumba cha pili bila kugonga. Kulikuwa na mama mwingine ndani. Wifi alinitazama usoni, akamtazama Mashavu, akamwambia yule mama, "Nisubiri nje kidogo, mama yangu."

Akamweka mtoto mapajani kwa binti yangu, akamvua kifulana. "Nyamazeni."

Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko kazi yangu yote ya miaka kumi na mmoja. Mashavu hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, mtoto yule analia hata akivuliwa soksi. Chini ya mbavu zake ngozi ilikuwa inabonyea ndani kila anapovuta hewa. Pua zilikuwa zinapanuka. Wifi akateremsha mkono wenye saa.

"Sitini na nne. Mpe ziwa."

Binti yangu akampa. Mtoto akaligusa kwa midomo, akaliachia, kichwa kikalala upande. Wifi akajaribu matone ya maziwa kwa kijiko, hayakumezwa. Akawa ameshafungua kabati, anavuta dawa kwenye bomba la sindano, anamwita mfagiaji akamwambie dereva wa gari la wagonjwa asiende popote. Akamchoma mtoto paja. Kisha akavuta fomu ya rufaa na kuniambia bila kuinua macho, "Lete daftari la jana."

Nikalileta. Akasoma mstari.

"Jana thelathini na sita, leo sitini na nne. Nikiandika hivi, huko hospitali watajua ugonjwa umempiga kwa usiku mmoja. Nikiandika kwamba jana hakupimwa, watajua huenda leo ni siku ya tatu anahangaika. Si kitu kimoja. Sasa nataka mtu aniambie. Nani alihesabu jana?"

Binti yangu alikuwa ananitazama. Mkononi nilikuwa na kifulana cha Mashavu, sijui nilikichukua saa ngapi. Ningeweza kusema tabibu. Alikuwa chumba cha jirani, anacheka na mama fulani, sauti yake tunaisikia, na kila mtu alikuwa tayari kuamini.

"Hakuna aliyehesabu," nikasema. "Nimeandika mimi. Nimeandika zote mimi, miezi sita. Tabibu hahesabu, lakini hata kuandika hakuandika. Ni mimi."

"Mama," binti yangu akasema.

Wifi akaandika kwenye fomu: *jana hakupimwa.* Akapiga mhuri. "Twendeni."

Barua ya onyo niliipata baadaye, na tabibu akapata yake, na mkuu wetu akahamishwa, na mimi nikaondolewa mapokezi nikapelekwa stoo kuhesabu maboksi ya glavu mbele ya mtu wa pili. Sina kinyongo na lolote kati ya hayo. Lakini kilichonipata hasa kilinipata kwenye ukumbi wa hospitali, mchana huohuo, Mashavu akiwa ndani amewekewa mrija wa oksijeni na binti yangu amekataa nikae karibu naye.

Wifi alikuja kukaa kwenye benchi langu. Akatoa lile daftari dogo la shule, akaniwekea mapajani. Nikalifungua. Tarehe, idadi ya visanduku vitupu saa nane, idadi ya visanduku vitupu saa kumi, rangi ya wino. Wiki tatu nzima. Mwandiko wake ule uliosimama wima.

"Nilijua ni wewe tangu siku ya kalamu," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekana."

Ningekana, kweli. Nikafunua ukurasa wa mwisho. Jumatatu. Palikuwa na saa: tisa na dakika ishirini.

"Jana asubuhi niliwaona dirishani wanatoka mlango wa nyuma," akasema. "Binti yetu na mtoto. Nilijua ametoka chumba cha kwanza, nilijua hakuhesabiwa. Alasiri nikakuona na kalamu nyeusi, umefika katikati ya ukurasa. Nikajua na yeye yumo humo." Akavua miwani. "Nilikuwa na muda wa kwenda kwa binti, wifi. Kutoka nyumbani kwangu ni mwendo wa dakika kumi na tano. Nikasema, acha kwanza amalize ukurasa, nimpate na ushahidi kamili. Nikaenda nyumbani nikaandika hii."

Sikuwahi kumwona wifi yangu akilia, hata kwenye msiba wa baba yao. Alilia bila sauti, mdomo umefungwa, kamasi zinamtoka kama mgonjwa wake mmojawapo. Nilitaka kumwambia kosa si lake. Sikuweza, kwa sababu nusu ya kosa ilikuwa yake na yeye hakubali kudanganywa. Nilitaka kumrukia na kumpiga pia, nikijua kabisa sina haki hiyo. Nikafunga lile daftari, nikampa leso yangu, akaikagua kwanza pande zote mbili ndipo akaifutia uso.

Jioni binti yangu alitoka nje ya wodi, macho yamevimba, akatuambia tunaweza kuingia, wote wawili, lakini tusiongee. Tukasimama pande mbili za kitanda. Mashavu alikuwa amelala chali, mrija umebandikwa shavuni, mbavu zinapanda na kushuka. Daktari alikuwa amesema usiku huo ndio utakaoamua. Wifi akainua mkono wenye saa. Mimi nikatazama saa ya ukutani. Tulihesabu wote wawili dakika nzima, kila mmoja kimoyomoyo, na ilipoisha hakuna aliyemwuliza mwenzake amepata ngapi. Tukaanza tena.